Mama ameomba pa kukaa tu: nimpeleke Venice au Ravenna?

Shikamoo shangazi,

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nafanya kazi ya uuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Munich, na huu ni mwaka wa tisa. Nina mume na watoto wawili, wa miaka 6 na 10. Baada ya kuhangaika sana na makaratasi, mama yangu amepata viza. Atakuwa nasi Septemba na Oktoba. Ana miaka 71, na safari zake za nje ya Tanzania zilikuwa mbili tu: Mombasa kwenye harusi, na Makka alipokwenda hija.

Tumeweka akiba ili tumtembeze Italia siku nne, mwanzoni mwa Oktoba. Hapo ndipo mzozo ulipoanzia. Tiketi ya ndege ya mama ililipwa yote na mdogo wangu wa kiume aliyeko Dar es Salaam, bila kuniomba hata senti. Yeye anataka jambo moja: mama afike Venice, apande gondola, apigwe picha. Picha hiyo ameshaitengea nafasi ukutani, sebuleni kwa mama, Barabara ya 12, na majirani wameshaambiwa. Mume wangu yuko upande wake. Anasema kwenda Italia bila kuona Venice ni kama kwenda harusini ukarudi hujaonja pilau.

Mimi Venice nilifika, Agosti ya mwaka juzi, na wenzangu wa kazini. Tulisafiri kwa basi usiku, tukatembea mchana kutwa, tukarudi usiku. Kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni sikuweza kunyoosha mkono bila kumgusa mtu. Karibu na daraja la Rialto tulibanana tukawa hatuendi mbele wala nyuma, mtoto wa watu analia kwa joto, na mimi nafikiria tu mtu akianguka hapa itakuwaje. Nikiulizwa niliona nini, niliona visogo na simu zilizoinuliwa juu. Na madaraja, shangazi! Hujamaliza kushuka moja, lingine lile pale, na kila moja lina ngazi. Mama ana goti. Mahali tambarare anatembea vizuri kama hakimbizwi, lakini ngazi zinamtesa, na akisimama muda mrefu mguu unavimba.

Kuna bibi mmoja ninayemhudumia kazini ambaye hachoki kunisimulia mji wa Ravenna. Alikwenda huko na marehemu mumewe zaidi ya mara moja. Anasema ni mji wa zamani sana, umetulia, hauna mlima, na una nakshi za vipande vya kioo ambazo hajaona mfano wake. Nilipolitaja jina hilo nyumbani mume wangu aliuliza, “Ndiyo wapi huko?” Mdogo wangu kwenye simu alinyamaza kidogo, halafu akasema, “Dada, kama pesa haitoshi niambie nitume nyingine. Usimpeleke mama vijijini.” Sikulala usiku ule.

Halafu lipo la pili. Nimeangalia picha za Ravenna, na karibu kila kinachosifiwa kiko ndani ya kanisa. Mama ni mtu wa swala tano. Sitaki kumkwaza katika safari yake ya kwanza ya matembezi tangu azaliwe.

Nilimuuliza mwenyewe. Alicheka, akasema, “Nipelekeni mnakokujua nyie mwanangu, mradi nipate pa kukaa.” Jibu hilo halikunisaidia kitu.

Nimesikia wewe umeishi Italia miaka mingi. Nimpeleke Venice ili familia itulie, au nimpeleke Ravenna nionekane bahili?

Mtoto wa Tanga, Munich

*

Marahaba mwanangu,

Unasema jibu la mama halikukusaidia. Mimi nimelisoma mara tatu, na naona amekujibu kila kitu. Gondola hakuiomba wala hakuikataa. Ameomba pa kukaa. Yeye ndiye mgeni, na kipimo ametupa yeye, basi tuipime miji yote miwili kwa kipimo hicho.

Venice siwezi kuisema vibaya. Ni mji uliojengwa juu ya visiwa zaidi ya 100, umeunganishwa kwa madaraja zaidi ya 400, hauna gari hata moja ndani yake, na duniani hauna mwenzake. Lakini umelemewa. Wenyeji wanaoishi katika mji ule wa kale sasa hawafiki 50,000, na siku za msimu wageni wanaoingia asubuhi na kutoka jioni huweza kuwazidi. Tangu Aprili 2024 mji umeanza kumtoza mgeni wa kutwa euro 5 katika siku zilizochaguliwa kati ya Aprili na Julai, na mwaka 2025 aliyechelewa kujiandikisha alilipa 10. Makundi ya watalii yamewekewa kikomo cha watu 25, na viongozi wao wamekatazwa vipaza sauti. Kwa hiyo ulichokiona Agosti hukukitia chumvi. Wenyeji wenyewe wanakilalamikia.

Sasa pa kukaa. Kukaa kwenye ngazi za Uwanja wa San Marco au za madaraja ni kosa, na faini ipo. Mabenchi ni machache. Viti vingi ni vya mikahawa, na kwenye mikahawa mikubwa ya uwanjani kahawa ya mezani ni ghali, na bendi ikiwa inapiga unaongezewa ada ya muziki. Mimi haya niliyajua kwa njia ngumu. Nilipokuwa naishi Bologna alinitembelea mama yangu mdogo kutoka Pemba, na kwa kutaka kumfurahisha nikamchukua Venice mwezi wa Julai. Saa sita mchana miguu ilimshinda, akakaa kwenye ngazi ya ukumbi wa uwanjani. Mlinzi akaja, kwa adabu kabisa, akatuomba tuinuke. Akainuka. Tukazunguka kutafuta kivuli chenye benchi, tukakosa, tukarudi stesheni saa mbili kabla ya treni yetu. Ndani ya treni alikaa kimya mpaka tulipopita Padova, kisha akaniuliza, “Ule mji watu wake wako wapi?” Niliona haya. Nilikuwa nimemtoa mzee Pemba nikaenda kumsimamisha juani.

Kwa hiyo mimi nakuambia Ravenna, na nakuambia bila kusitasita.

Mwambie mdogo wako kwanza kwamba si kijiji. Mwaka 402 watawala wa dola ya Kirumi ya Magharibi walihamishia makao yao Ravenna kwa sababu ilizungukwa na mabwawa na ilikuwa vigumu kuivamia. Ilibaki kuwa makao yao mpaka dola hiyo ilipoanguka mwaka 476. Baadaye akatawala Theodoric, mfalme wa Wagothi, na baadaye tena magavana wa Konstantinopoli, makao ya dola ya Kirumi ya Mashariki, mpaka mwaka 751. Majengo yake manane ya kale yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1996, miaka minne kabla ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Bahari nayo iliiacha Ravenna. Bandari ya Classe, ambako Warumi walikuwa wakiweka manowari zao, ilijaa tope na mchanga, na leo ni mashamba na majani. Mtu wa Tanga aliyewahi kusimama Tongoni, katikati ya makaburi ya nguzo na msikiti uliobaki kuta, hahitaji kufafanuliwa jambo hili. Biashara ilihama, mji ukatulia, na yale ambayo mahali pengine yalibomolewa ili kujenga mapya, Ravenna yalibaki.

Mji ni tambarare kama sinia. Wenyeji, wazee kwa vijana, wanatembea kwa baiskeli. Kutoka stesheni mpaka Piazza del Popolo, uwanja wa katikati, ni mwendo wa dakika kumi hivi, na kwa goti la mama sema ishirini. Mitaa mingi ya katikati haipiti magari. Na mabenchi yapo, mwanangu, ya mawe na ya mbao, viwanjani na kwenye bustani, na wanaoyakalia ni wazee wa pale pale wanaosemezana habari zao. Mama atakuwa amekaa na watu wa mji.

Sasa nikueleze anachokwenda kukiona, kwa sababu hapa ndipo moyo wangu ulipo. Mozaiki za Ravenna zimetengenezwa kwa vipande vidogo vya kioo cha rangi na vya mawe, na vile vya dhahabu ni kioo kilichofungiwa jani jembamba la dhahabu ndani yake. Mafundi hawakuvilaza sawasawa kama vigae vya bafuni. Kila kimoja walikiinamisha kidogo upande wake, ili kila kimoja kipokee mwanga kivyake. Ukisogeza kichwa tu, ukuta mzima unameremeta upya. Ndiyo maana picha ya simu haiwezi kuvionyesha, na ndiyo maana aliyekaa anafaidi kuliko anayepita mbio.

Mtaanzia kwenye kijengo cha Galla Placidia, binti wa mtawala wa Kirumi, cha karne ya 5. Kwa nje ni matofali matupu, kama stoo. Ndani ni kiza kidogo, na madirisha hayana kioo bali jiwe laini lililochongwa jembamba mpaka linapitisha mwanga, nao unaingia rangi ya asali. Inueni macho: dari ni buluu ya usiku wa kaskazi, imetapakaa nyota za dhahabu. Kuna njiwa wanaokunywa maji bakulini, na paa wanaoinamia kijito. Kwa kuwa ni padogo, wageni huingizwa wachache wachache na kwa muda mfupi, kama dakika tano, kwa saa iliyoandikwa kwenye tiketi. Mwache mama apumzike nje kwanza, zamu yenu ifike akiwa na nguvu.

Hatua chache kutoka hapo ni kanisa la San Vitale, lililowekwa wakfu mwaka 547. Hapo tafuteni pa kukaa na msiwe na haraka. Upande mmoja wa ukuta yuko Justinian, mfalme wa Konstantinopoli, na watu wake, yeye ambaye Ravenna hakuwahi kuikanyaga. Upande wa pili yuko mkewe Theodora, binti wa mtunza dubu wa uwanja wa michezo wa Konstantinopoli, aliyekuja kuwa malkia. Mwonyeshe mama nguo. Joho la Theodora ni la zambarau, na pindo lake limedariziwa kwa dhahabu wanaume watatu waliobeba zawadi. Wanawake walio pembeni yake kila mmoja ana kitambaa chake, chenye pindo lake na mji wake, na hakuna waliofanana. Wewe na mimi tutapita. Mwanamke wa Tanga aliyechagua kanga maisha yake yote ataisoma safu ile mmoja mmoja, atakuambia nani kapendeza na nani kazidisha.

Kanisa la Sant'Apollinare Nuovo ni la watoto wako. Kwenye ukuta kuna picha ya jumba la Theodoric. Wakati mmoja palikuwa na watu wamesimama kati ya nguzo zake. Mji ulipotekwa na majeshi ya Justinian mwaka 540, waliofuata wakawaondoa watu hao na kuweka mapazia mahali pao. Lakini fundi aliacha mikono. Ukitazama vizuri unaona mkono juu ya nguzo, kiganja kimebaki na mwenyewe hayupo. Waambie watoto waihesabu. Na kwenye kanisa la San Francesco mji umedidimia kiasi kwamba chumba cha chini kimejaa maji. Unatia sarafu, taa inawaka, unaona samaki wekundu wanaogelea juu ya sakafu ya mozaiki.

Sasa la dini. Hili usiliamue wewe, mwulize mama kwa maneno mepesi: “Vitu vyenyewe viko kwenye makanisa ya kale, watu huingia kutazama wakiwa wamenyamaza. Utapenda kuingia?” Wapo wazee wanaojizuia kuingia nyumba ya ibada yenye picha za watu, na wapo wanaoingia wakatazama wakatoka na swala yao iko pale pale. Mimi sijui mama yako ni yupi. Wewe unaweza kumuuliza. Akisita, msimbembeleze. Kuna jumba la kale lililofukuliwa mwaka 1993, linaitwa Mazulia ya Mawe, vyumba 14 vya sakafu za mozaiki, mita kama tatu chini ya mtaa. Mlango wake unapitia kanisa dogo na kuna ngazi za kushuka, kwa hiyo lipimeni na goti. Lipo pia kaburi la Theodoric, nje kidogo ya katikati, ndani ya bustani, ambalo paa lake ni jiwe moja lililovushwa baharini kutoka Istria, zaidi ya tani 200.

Na kuna jambo ningependa umwambie mama kabla hajaamua. Waulize nyumbani kama ile picha ya Kubbatu Sakhra, kuba la dhahabu la Baitul Maqdis (Yerusalemu), iko ukutani, maana nyumba nyingi za pwani zinayo. Kuta za ndani za kuba ile, iliyojengwa mwishoni mwa karne ya 7 kwa amri ya Khalifa Abd al-Malik, zimefunikwa mozaiki za kioo na dhahabu: miti, mizabibu, vito, bila kiumbe hata mmoja. Ufundi wake ni ule ule wa mafundi wa dola ya Konstantinopoli unaoonekana Ravenna. Mama atakuwa anatazama ndugu wa kile anachokiona kila siku akiinua macho sebuleni.

Swala hazitamtatiza hotelini, na kama mtaangukia Ijumaa, Ravenna ina msikiti mkubwa uliofunguliwa mwaka 2013 kwenye eneo la viwanda nje ya katikati, mtahitaji teksi au basi. Mavazi ndiyo msijishughulishe nayo kabisa. Makanisa ya Italia yanawazuia waliovaa vikaptula na mabega wazi. Mama atapita kwa heshima zake.

Chakula nisikilize vizuri, kwa sababu hapa wengi hukosea. Sehemu ile ya Italia wana mkate wao bapa, piadina, unaopikwa kwenye kikaango kipana, na mama akiuona atasema ni chapati. Wanaukunja wakatia jibini laini inayoitwa squacquerone na majani ya rucola. Ni chakula kizuri na cha bei ndogo. Lakini unga wake, kwa desturi, hukandwa kwa mafuta ya nguruwe, yanaitwa strutto. Usitazame cha kutiwa ndani peke yake ukadhani umemaliza. Uliza, “Senza strutto?” Vibanda vingi vinao wa mafuta ya zeituni, unaitwa con olio d'oliva. Samaki wa Adriatiki wako kila mahali, na mwanamke wa pwani hatalala njaa palipo na samaki.

Siku ya pili mchana, goti likiwa halijachoka, mpelekeni kanisa la Sant'Apollinare in Classe, nje ya mji, kwa basi au kituo kimoja cha treni. Lilijengwa kwenye mji wa bandari ile iliyokauka, likawekwa wakfu mwaka 549. Juu ya madhabahu ni konde la kijani, miti, maua, kondoo kwa safu, mtu mmoja ameinua mikono akiomba. Pembeni na nje ni nyasi na anga. Mimi nimekaa pale saa nzima peke yangu siku ya kazi mwezi wa Oktoba. Mkitoka hapo na akataka kuona bahari, Marina di Ravenna iko kilomita kama 12 kutoka mjini. Ni ufukwe mrefu wa mchanga, si Raskazone, lakini atalowesha miguu.

Na jioni moja mpitisheni kwenye kaburi la Dante, mshairi mkuu wa Italia. Ni kijumba kidogo mtaani, hakina kiingilio. Alifukuzwa kwao Florence mwaka 1302, akazunguka miji ya watu, akapokelewa Ravenna na kufia hapo mwaka 1321. Baadaye Florence wakamtaka. Mwaka 1519 Papa Leo wa 10 aliwapa ruhusa ya kumchukua, wajumbe wakaja, wakafungua jeneza la jiwe wakalikuta tupu. Watawa wa jirani walikuwa wametoboa ukuta upande wao wakaficha mifupa, na haikuonekana tena hadharani mpaka mwaka 1865. Hata leo Florence hupeleka mafuta kwa ajili ya taa inayowaka kaburini pale, kila Septemba. Msimulie mama habari hiyo mkiwa mmekaa pale nje. Kumsitiri mgeni mpaka baada ya kufa ni jambo ambalo hatahitaji kutafsiriwa.

Turudi kwa mdogo wako. Maneno yake yalikuuma, na nisingekuwa mkweli nikisema yasingeniuma mimi. Lakini yasome upya. Mtu aliyelipa tiketi nzima ya ndege, kisha akasema yuko tayari kutuma pesa nyingine, hajakuita bahili. Yuko Dar, safarini hatakuwepo, na katika safari yote hii kitu pekee atakachokishika mkononi ni ile picha. Ndiyo maana ameing'ang'ania. Halafu jiulize kama analijua goti. Wazazi wetu huwaficha maumivu watoto walio mbali, na mtoto wa kiume ndiye anayefichwa zaidi. Mpigie simu, usimwambie Venice ni mbaya, mweleze goti kama muuguzi anavyomweleza ndugu wa mgonjwa: ngazi ngapi, anasimama dakika ngapi kabla mguu haujavimba. Halafu mweleze Theodora na nguo zake.

Na zile pesa alizosema atatuma, zipokee. Mwambie zinanunua siku ya tano. Kulazimisha Venice kwa siku moja kutokea Ravenna msijaribu, kwenda ni kama saa tatu kwa kubadilisha treni na kurudi hivyo hivyo, mtamrudisha mama amebebwa. Fanyeni hivi: mwende kwa treni ya moja kwa moja ya Munich na Bologna, muda wa saa saba hivi kupitia Brenner, kisha Bologna mpaka Ravenna kama saa moja na robo kwa treni ya kawaida. Tiketi yake ikiwa ya karatasi igongeni muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda. Lala Ravenna usiku tatu. Siku ya nne, na hii ni kama mama ameridhia na goti linakubali, mtoke mchana kupitia Ferrara, mfike Venice jioni wakati wageni wa kutwa wanaondoka. Laleni kisiwani penyewe, si Mestre iliyo upande wa bara, katika nyumba ya wageni iliyo karibu na kituo cha boti na isiyo na daraja la kuvuka. Waandikieni kabla muwaulize hilo la daraja, watawajibu.

Kisha mpandisheni mama vaporetto namba 1, ile boti ya abiria inayopita Mfereji Mkuu kituo kwa kituo. Mtafutieni kiti. Tiketi ni euro 9.50, na taa za majumba yote zitapita mbele yake amekaa. Gondola bei yake rasmi ni euro 90 kwa nusu saa mchana, na saa moja usiku ikifika inakuwa 110. Ni bei ya chombo kizima, si ya mtu mmoja. Pesa haiko mbali sana mkigawana, lakini kushuka ndani yake ni hatua ndefu na chombo kinayumba. Wewe ndiye unayelijua goti. Asipoweza, mkalisheni kwenye kituo cha boti gondola zimefungwa nyuma yake, mpige picha hiyo, iende Barabara ya 12. Siku inayofuata ipo treni ya moja kwa moja ya kurudi Munich.

Mume wako mpe kazi ya kuchukua tiketi za Ravenna. Tiketi moja inaingiza San Vitale, Galla Placidia, Sant'Apollinare Nuovo na sehemu nyingine mbili, na saa ya kuingia Galla Placidia inachaguliwa wakati wa kununua. Achague saa nne asubuhi, mama awe ameshapata chai bila kuharakishwa. Mkiwa ndani ya San Vitale mmekaa, na sauti mmeizima, mpigieni mdogo wako simu ya video. Mwacheni mama aishike simu mwenyewe, amwonyeshe anachotaka yeye.

Oktoba kule asubuhi kuna ubaridi ambao Tanga haupo, mfungashie sweta na soksi nzito. Mpe shikamoo yangu, na ukipata nafasi niandikie uniambie kati ya wale wanawake wa Theodora alimchagua yupi.